Mlango Uliobaki Wazi: Uchambuzi wa Kisa cha Rosepark

Usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 31 Januari 2004, moto ulizuka ndani ya kabati la ukutani katika makao ya wazee ya Rosepark, mjini Uddingston, kusini-mashariki mwa Glasgow, Uskoti. Kabati hilo lilikuwa kwenye korido ya vyumba vya kulala, na ndani yake mlikuwa na sanduku la kugawia umeme pamoja na vitu vinavyoshika moto kwa urahisi, yakiwamo makopo ya kupulizia. Wazee 14 walipoteza maisha. Kumi walifia palepale na wanne hospitalini baadaye. Moto wenyewe haukuwa mkubwa kwa kipimo cha jengo: haukuunguza makao yote, wala haukuingia chumba kwa chumba ukiteketeza vitanda. Kilichowaua wazee ni moshi, na moshi uliwafikia wengi wao kwa kupita mahali palepale ambapo chai na dawa zilipita kila siku, yaani mlangoni.

Uchunguzi wa kimahakama kuhusu vifo hivyo ulianza mwaka 2009 chini ya Hakimu Brian Lockhart, na matokeo yake yalitolewa Aprili 2011. Chanzo cha moto kilionekana kuwa waya uliopita kwenye tundu la sanduku la umeme bila kuwekewa mpira wa kuukinga, ukakwaruzwa na ukingo wa chuma hadi plastiki yake ikaisha. Hakimu aliona kwamba baadhi ya vifo, au vyote, vingeweza kuepukwa iwapo makao yangekuwa na mpango wa usalama wa moto unaofaa na unaotosheleza. Alitaja mambo mengi: ukaguzi wa umeme, vitu vilivyohifadhiwa kabatini, urefu wa korido isiyokatwa katikati kwa mlango wa moto (yaani mlango uliotengenezwa kuzuia moto na moshi), njia za hewa zisizo na vizuizi vya moshi, na kuchelewa kuwaita zimamoto. Kila moja lingestahili makala yake. Hapa nataka kulishika moja tu, kwa sababu ndilo linaloendelezwa na mazoea katika majengo mengi duniani, ya kwetu yakiwamo: milango mingi ya vyumba vya kulala ilikuwa wazi, na hakukuwa na kitu chochote cha kuifunga king'ora kilipolia.

Ni rahisi kusema kwamba milango ingefungwa usiku na habari ikaisha. Anayesema hivyo hajakesha na wazee. Mzee aliyepoteza kumbukumbu akifungiwa mlango huamka asijue yuko wapi, akaanza kupiga kelele au kutembea gizani. Mwingine hataki kufungiwa kwa sababu anataka kuona mwanga wa korido na kusikia nyayo za mhudumu, na hiyo ndiyo faraja yake pekee tangu saa tatu usiku hadi asubuhi. Mhudumu naye anautaka mlango wazi kwa sababu anasikiliza: kikohozi kisicho cha kawaida, kitanda kinacholia, kishindo cha mtu kuanguka. Usiku ule Rosepark kulikuwa na wahudumu wanne kwa wazee 40, na watu wanne hawawezi kufungua milango 40 kila baada ya dakika chache kuchungulia. Mlango wazi ulikuwa sehemu ya malezi, wala haukuwa uzembe. Kosa lilikuwa kwamba jengo halikupewa njia ya kuheshimu sababu hizo na bado kuziba moshi.

Tuangalie basi kifaa chenyewe. Kifunga mlango cha kawaida, kile kisanduku cha chuma kinachofungwa juu ya ubao wa mlango kikiwa na mkono unaojikunja, kina springi ndani yake na pistoni inayosukuma mafuta. Unapofungua mlango unaikaza springi kwa nguvu za mkono wako; unapouachia, springi inaurudisha, na mafuta yakipita kwenye vali ndogo huuzuia usibamize. Fundi hurekebisha vali moja kwa mwendo wa kufunga kwa jumla na nyingine kwa sehemu ya mwisho, pale mlango unapohitaji msukumo wa kuingiza ulimi wa kitasa ndani ya fremu. Kwa kiwango cha Ulaya EN 1154, nguvu ya vifaa hivi hupangwa kutoka 1 hadi 7, na mlango wa moto hauruhusiwi kuwekewa kilicho chini ya namba 3. Namba hiyo inalingana na mlango wa upana wa milimita 950, na inadai kifaa kitoe angalau nyutonimita 18 (kipimo cha nguvu ya kuzungusha) mlango unapokaribia kufungwa.

Nyutonimita 18 ni nini kwa bibi wa miaka 85 anayetembea na kigari cha kujishikilia? Kwenye ukingo wa mlango wa sentimita 90, ni msukumo wa takriban nyutoni 20 anaokutana nao mlango ukiwa karibu na fremu. Kuufungua kunadai nguvu zaidi ya hiyo, kwa sababu sehemu ya nguvu anayotoa hupotea katika msuguano wa mafuta na viungo vya mkono wa kifaa. Miongozo ya Uingereza kuhusu watu wenye ulemavu inataka nguvu ya kufungua isizidi nyutoni 30 mwanzoni na nyutoni 22.5 mlango ukishavuka nyuzi 30. Kifunga mlango cha moto kilichorekebishwa vibaya huvuka mipaka hiyo bila shida. Kwa hiyo mzee hukwama kati ya ubao na fremu, au hupigwa mgongoni, au huacha kabisa kutoka chumbani. Na mwenye kumpenda, awe mtoto wake au mhudumu, hutafuta kitu cha kuuzuia mlango. Hapo ndipo kabari inapozaliwa.

Kabari ina sura nyingi. Nimeona kipande cha mbao, kiti, jiwe, taulo lililofungwa kwenye kitasa hadi bawaba, na mara nyingi kuliko nilivyotarajia, mtungi wa kuzimia moto umewekwa chini kushikilia mlango wa moto. Wasimamizi wa majengo hujibu kwa matangazo ukutani na barua za onyo. Kwa maoni yangu barua hizo ni dalili kwamba kifaa kimeshindwa kazi yake. Mlango unaopigwa kabari kila siku umeshatoa ushahidi kwamba matumizi ya mahali pale yanataka mlango wazi, na springi yenye nguvu zaidi haitabadilisha matumizi. Itabadilisha tu ukubwa wa kabari.

Watengenezaji waliona jambo hili mapema na wakatoa vifunga mlango vyenye mkono unaojishikilia. Mkono huo una kishimo au msuguano unaokamata mlango ukifika nyuzi 90 au zaidi, na hauuachii mpaka mtu auvute. Dukani au kwenye stoo ni kifaa kizuri. Kwenye mlango wa moto ni kabari iliyotengenezwa kiwandani, kwa sababu hakuna king'ora kinachoweza kuuambia ule mkono uachie. Ndiyo maana kanuni za Uingereza na za Marekani haziuruhusu kwenye milango ya moto. Hata hivyo mikono hiyo inauzwa ikiwa ndani ya boksi moja na vifunga mlango vingine, na anayenunua kwa bei na rangi hawezi kuitofautisha. Anayekagua jengo na aanze na jaribio hili dogo: fungua mlango mpaka mwisho, uuachie, kisha ondoka. Ukibaki wazi bila waya wa umeme wala betri kuonekana, umeipata.

Kuna pia ufumbuzi wa zamani wa kiungo cha kuyeyuka, kipande cha aloi ya metali laini kinachoyeyuka kwenye joto la nyuzi 70 hivi za Selsiasi na kuuachia mlango. Wazo lake linaeleweka: moto ukija, joto litakikata kiungo hicho. Lakini kisa cha Rosepark kinaonyesha udhaifu wake waziwazi. Moshi uliotoka kabatini ulienea koridoni na kupoa kadiri ulivyokwenda, na mtu aliyelala chumba cha mbali alikuwa anavuta kaboni monoksaidi katika hewa ambayo haikuwa na joto la kuyeyusha kitu. Sumu hufika kabla ya joto. Kwa sababu hiyohiyo utepe wa kuvimba unaowekwa kuzunguka mlango wa moto, ambao hufanya kazi ukishapashwa moto sana, hautoshi peke yake kwenye chumba cha kulala. Lazima uambatane na brashi au mpira wa kuzuia moshi baridi. Na brashi hiyo huongeza msuguano, jambo linalorudisha swali kwa springi: je, bado ina nguvu ya kuufikisha mlango mpaka ulimi wa kitasa uingie?

Uboreshaji wa kweli ulianza pale kazi mbili zilipotenganishwa, ya kushikilia na ya kufunga, na ya kwanza ikawekwa chini ya amri ya king'ora. Njia iliyozoeleka zaidi ni sumaku ya umeme ukutani na bamba la chuma mlangoni. Umeme ukipita, sumaku inashika. King'ora kikilia, umeme unakatwa na springi inafanya kazi yake. Kiwango cha EN 1155 kinahusu vifaa vya namna hii, na kinataka mtu aweze kuufungua mlango kutoka kwenye sumaku kwa mkono, bila kutafuta swichi. Sumaku inafaa sana kwenye milango ya korido, ambayo hukaa wazi kabisa au hufungwa kabisa. Kwenye chumba cha kulala haifai vizuri. Mzee hataki mlango uliobandikwa ukutani. Anataka uwe nusu wazi, au robo, au aurudishie mwenyewe anapobadilisha nguo. Kila anapoutoa kwenye sumaku, anarudi kupambana na springi.

Kwa mazingira hayo kuna kifunga mlango cha mwendo huru, na kwangu mimi hiki ndicho kifaa ambacho kisa cha Rosepark kinakidai. Mlango hufunguliwa mara moja mpaka mwisho ili kuikaza springi. Kisha vali inayoendeshwa na umeme huyafungia mafuta ndani, springi ikabaki imekazwa, na mkono wa kifaa ukaachana nayo. Kuanzia hapo mlango huenda na kurudi kama mlango wa nyumbani usio na kifaa chochote. Bibi anausukuma kwa kidole. Unabaki pale alipouacha, nusu au robo. King'ora kikilia, vali inafunguka, springi iliyokuwa ikingoja inaushika mlango popote ulipo na kuufunga. Uzuri wake ni kwamba nguvu ya kufunga ilishawekwa akiba tangu mwanzo na mtu mwenye nguvu, yaani fundi au mhudumu, na haidaiwi tena kwa mzee kila anapokwenda msalani.

Njia ya tatu ni kifaa cha betri kinachofungwa chini ya mlango, chenye mguu wa mpira unaokanyaga sakafu na kipaza sauti kinachosikiliza. Kikisikia mlio mfululizo wa king'ora, kinanyanyua mguu na springi ya kawaida inaufunga mlango. Hakihitaji kuchimba ukuta wala kupitisha waya, na kwa jengo la zamani hilo si jambo dogo. Mapungufu yake yanatokana na njia hiyohiyo ya kusikia. King'ora kikiwa mbali, au kikiwa na mlio hafifu nyuma ya milango miwili, mguu haunyanyuki. Na mashine ya kusafishia sakafu yenye kelele inaweza kuunyanyua bila moto. Pia hakimwondolei mzee mzigo wa springi pale mguu unapokuwa juu. Nakiona kuwa msaada mzuri mahali ambapo badala yake ni kabari, na wala si mbadala wa kile cha mwendo huru.

Sasa turudi kwenye saa za usiku ule, kwa sababu hapo ndipo tofauti inapoonekana. King'ora cha Rosepark kililia saa kumi na dakika 28 alfajiri. Kigunduzi cha moshi kilifanya kazi yake. Zimamoto walipigiwa simu saa kumi na dakika 37. Dakika tisa za katikati zilitumika kutafuta moto ulipo. Wahudumu walifuata utaratibu waliouzoea wa kuhakikisha kwanza kabla ya kupiga simu, na paneli ya king'ora haikuwaongoza moja kwa moja kwenye korido iliyokuwa ikijaa moshi. Utaratibu huo ulilaumiwa, na kwa haki. Lakini fikiria korido hiyohiyo, wahudumu haohao, kuchelewa kulekule, huku milango ya vyumba ikiwa imeunganishwa na king'ora. Ingeanza kujifunga saa kumi na dakika 28, wakati binadamu wote walikuwa bado hawajaelewa kinachotokea. Mlango wa moto wa kuhimili nusu saa, ukiwa umefungwa na ulimi wa kitasa umeingia, ungewapa waliolala muda ambao kuchelewa kwa dakika tisa kusingeumaliza. Kifaa hiki hakingoji mtu aamue. Hoja hiyo ninaiona nzito kuliko zote, kwa kuwa usiku wa manane, wahudumu wakiwa wachache na wamechoka, maamuzi ndiyo hukosewa kwanza.

Lazima niseme pia kisichoweza kufanywa na kifunga mlango. Kisingezuia moshi kupita kwenye njia ya hewa isiyo na kizuizi, wala kisingemsaidia aliye koridoni. Na kabati lenye umeme ndani yake lilihitaji mlango unaofungwa muda wote, bila kushikiliwa na sumaku wala kitu kingine. Uskoti ililazimisha mwaka 2005 makao mapya ya wazee yawekewe mfumo wa kunyunyiza maji wenyewe, na hilo linashughulikia moto mahali unapoanzia.

Kinachohitaji uangalifu mkubwa zaidi ni kwamba kifaa cha kushikilia mlango kinategemea mnyororo mrefu: kigunduzi, paneli, waya, vali au sumaku, springi, bawaba, ulimi wa kitasa. Kanuni inayoulinda ni moja, kwamba kila kiungo kikikatika mlango ufunge. Waya ukikatwa, mlango unafunga. Betri ikiisha, unafunga. Paneli ikiharibika, unafunga. Nchini Uingereza kiwango cha BS 7273-4 kinaeleza jinsi ya kuunganisha milango na mfumo wa king'ora kwa kuzingatia makosa ya namna hii, na mahali pa hatari kubwa, kama pale watu wanapolala, kinataka ulinzi mkali zaidi. Ila viungo vya mwisho havina umeme wa kukatika. Bawaba iliyolegea hushusha ubao ukakwaruza sakafu. Zulia jipya nene hufanya vivyo hivyo. Mafuta yakivuja kwenye kifaa, alama yake huonekana kama mchirizi mweusi ukutani, na mlango hubamiza au husimama kabla ya kufika. Mlango uliosimama sentimita mbili kabla ya fremu unaonekana umefungwa kwa mtu anayepita. Kwa moshi uko wazi. Baada ya moto wa jengo refu la makazi la Grenfell Tower jijini London, tarehe 14 Juni 2017, uliowaua watu 72, ambako pia milango mingi ya nyumba ilikutwa haina vifunga vinavyofanya kazi, kanuni zilizoanza kutumika England tarehe 23 Januari 2023 zimetaka milango ya moto ya maeneo ya pamoja katika majengo ya makazi yanayozidi meta 11 ikaguliwe kila baada ya miezi mitatu. Katika makao ya wazee au wodi mimi ningeomba zaidi: kila wiki king'ora kinapojaribiwa, mtu atembee koridoni ahesabu milango iliyofika mpaka ulimi wa kitasa ukalia, na ile isiyofika iandikwe kwa namba ya chumba siku hiyohiyo.

Tukitaka kuvileta vifaa hivi kwenye hospitali na nyumba za wageni za Afrika Mashariki, liko jambo ambalo wasanifu wa Uskoti hawakulazimika kulifikiria sana. Kanuni ya mlango kufunga umeme unapokatika ina maana kwamba kila umeme unapokatika, milango yote inafunga kwa pamoja. Mahali ambapo umeme hukatika mara kadhaa kwa wiki, wauguzi watavumilia mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili jiwe litarudi mlangoni, na sumaku iliyonunuliwa kwa gharama itabaki pambo ukutani. Suluhisho si kuigeuza kanuni ili mlango ubaki wazi umeme ukikatika, maana umeme hukatika pia kwa sababu ya moto wenyewe. Suluhisho ni kuupa mfumo wa kushikilia akiba yake ya betri, iliyokokotolewa kwa saa halisi za kukatika kwa umeme mahali hapo. Hesabu yake si ngumu. Iwapo sumaku moja inatumia miliampea 60 kwa volti 24, sumaku 20 zinatumia ampea 1.2, na kwa saa nane ni takriban ampea-saa 10, mzigo ambao betri mbili ndogo za volti 12 zilizounganishwa mfululizo zinaumudu. Gharama hiyo iingizwe kwenye zabuni tangu siku ya kwanza, pamoja na fundi wa kuzibadilisha zikichoka, na mchoro uonyeshe wazi kwamba betri hizo ni za milango tu, zikiwa mbali na akiba ya king'ora, ili siku umeme utakapokatika kwa muda mrefu milango isimalize nguvu ambayo king'ora kinaihitaji ili kulia.